Matanga Barafuni

Jumapili, 6 Julai 1986

Mashuka ya vyumba vya juu, yote leo. Mashine moja inavuja. Nimeiwekea ndoo. Abiria hawalali sawasawa kwa sababu huku jua halizami, na wasiolala huita taulo.

Tumepita kisiwa kimoja asubuhi, kingine mchana. Mawe na theluji. Hakuna hata mti mmoja. Abiria wamevaa makoti mekundu, wote sawa, darubini shingoni. Wametoka mbali kuja kutazama wanyama wa barafu: dubu weupe, sili, ndege. Mpaka sasa dubu hajaonekana, na wameanza kununa mezani.

Meneja ndiye yule yule aliyekuwa hotelini kwetu Malindi. Alipopata kazi ya meli alituchukua watu wawili, mimi kwa udobi na Charo kwa kuosha vyombo. Charo ni kijana wa Matsangoni. Ukoo wake na ukoo wangu ni watani tangu zamani za mababu, kwa hiyo hana heshima kwangu hata kidogo, wala haitakiwi awe nayo. Leo kaniambia pua yangu kwa baridi hii imekuwa kama kitasa cha msikiti. Nikamwambia yake haijabadilika kwa kuwa iliharibika nyumbani.

Mikono imepasuka kwa sabuni. Mama Kadzo, mke wangu, angenipaka mafuta ya nazi huku akinigombeza.

Jumatatu, 7 Julai

Jabali la ndege. Refu kupita hoteli yoyote niliyoiona, limejaa ndege kutoka majini hadi ukunguni. Kelele haina mfano. Harufu imeingia mpaka chumba cha kufulia. Abiria walipelekwa chini yake kwa mashua za mpira, wakarudi na mavi ya ndege mabegani, wamefurahi kama waliotunukiwa. Makoti mengi ya kusugua.

Wanataga juu ya mwamba mtupu. Bila nyasi, bila chochote. Mtaalamu wa ndege alinieleza kwamba yai lao limechongoka ili likibiringika lizunguke pale pale lisianguke. Nimeliwaza jambo hilo nikipiga pasi.

Kuku wa Mama Kadzo kila mmoja ana jina, na kila mmoja hutaga pale alipokatazwa. Mmoja alitagia ndani ya kofia yangu. Sikuruhusiwa kuivaa mpaka vifaranga vilipotoka. Nilikwenda kanisani kichwa wazi, mvua ikinipiga, naye pembeni amejifunika leso anacheka.

Jumanne, 8 Julai

Bwana wa simu ya upepo alinifuata mwenyewe mpaka kwenye mashine. Ana karatasi. Imetoka posta ya Kilifi, imetumwa na binti yangu.

MAMA AMEFARIKI JANA. YUKO HOSPITALI KILIFI. TUZIKE AU TUKUNGOJE. KADZO.

Hakuna zaidi. Hapana ugonjwa gani, hapana alisema nini. Nilimwacha mzima, akinifungia mihogo ya kukaanga kwenye gazeti.

Jana. Jana nilikuwa nikiandika habari za kuku.

Nilisoma, nikakunja, nikatia mfukoni. Halafu nikamaliza foronya zilizokuwa zimebaki kwenye pasi. Sijui kwa nini nilimaliza foronya.

Jumatano, 9 Julai

Nimejibu. NINGOJENI. Bwana wa simu alitaka kuniongezea maneno mazuri, nikamwambia hilo moja latosha.

Meneja aliniita ofisini. Anajua Kiswahili cha hoteli. Akasema pole, akarudia, macho yakamjaa maji. Mpango ni huu. Jumamosi meli itafika kwenye ule mji mdogo wenye uwanja wa ndege, ambako tulianzia safari. Nitashushwa hapo. Ndege mpaka Ulaya, nyingine mpaka Nairobi, kisha basi la Mombasa. Jumanne naweza kuwa nyumbani Tezo. Nahodha ameafiki. Nimeshukuru.

Kwetu mume humzika mkewe mwenyewe. Ndiye mwenye udongo wa kwanza. Na maiti ikiwa haijaingia kaburini, boma halilimi wala halivuni. Jembe haliguswi, letu wala la jirani wa karibu. Watu hulala nje uani, kwenye mikeka, wake kwa waume. Ni mzigo kwao, najua. Lakini ni mpaka Jumanne. Watavumilia.

Nimetandika blanketi sakafuni, mfiwa halali kitandani. Sakafu inatetemeka kwa injini, meno pia. Charo yuko kitanda cha juu. Tangu jana hajatoa utani hata mmoja. Amekaa kama mgeni aliyekosea nyumba. Kimya chake kinanitisha kuliko ile karatasi.

Alhamisi, 10 Julai

Charo ameanza.

Ilikuwa chakula cha mchana, kwenye chumba cha wafanyakazi. Sahani iko mbele yangu, sijaigusa. Sijala kitu tangu ile simu. Akatoka jikoni kajifunga kitambaa cha meza kiunoni kama leso, kingine kichwani, akaja akichechemea kama mwanamke mwenye goti bovu. Habari za goti nilimpa mwenyewe, siku za nyuma, tukiongea.

"Baba Kadzo! Umekwenda kufua chupi za Wazungu, mimi umeniachia mbuzi wenye upele. Umeniletea nini? Barafu? Barafu hiyo itafika Mariakani?"

Akainama akanusa sahani yangu. "Haya! Na samaki hana kichwa. Mume wangu anakula mtu asiyejua hata sura yake."

Ndivyo ilivyo kwetu. Siku za matanga watani huja wakamwiga marehemu, wakawatukana wafiwa, wakaiba masufuria jikoni. Hakuna anayekasirika. Bila wao mtu angekaa na huzuni yake mpaka imkaushe. Kazi yao ni mfiwa acheke, na akishacheka ale. Mimi sikucheka. Lakini nilishika uma. Nilimaliza samaki na viazi vyote.

Waliokuwa mezani hawakujua maneno. Walichoona ni kijana anamdhihaki mzee aliyefiwa na mke. Mpishi mkuu, mtu mkubwa mwenye huruma, alimkamata Charo ukosi akamtoa nje na kitambaa chake kichwani.

Jioni meneja akaniita. Charo anahamishiwa chumba cha mbele, kwa wapishi, na asinikaribie mpaka nishuke. Nikamwambia ni desturi yetu, kwamba lazima anitukane. Kiswahili chake ni cha hoteli, Kiingereza changu ni cha taulo na sabuni, havikufika. Alinishika bega akasema mimi ni mtu mwema kupita kiasi.

Sasa chumba ni changu peke yangu. Sikipendi.

Ijumaa, 11 Julai

Dubu.

Meli ilikuwa imeshageuza kurudi. Mtu akaona doa upande wa mashariki, mbali, juu ya barafu. Tangazo likatolewa. Abiria wakakimbilia sitahani, mmoja ana povu la sabuni masikioni. Nahodha akaiingiza meli katikati ya barafu polepole kumfuata. Wafanyakazi nasi tuliruhusiwa kutoka kutazama.

Nilimwona. Si mweupe. Ana rangi ya shuka lililofuliwa miaka mingi kwa maji ya kisima cha chumvi. Alikuwa amemuua sili, amemkalia, anakula bila haraka, uso mwekundu. Ndege wamemzunguka wanangoja masazo. Akainua kichwa akatutazama. Akaona hatuna maana, akainama tena.

Watu walilia kwa furaha. Bibi mmoja wa abiria, mzee kabisa, alinishika mkono akasema kitu. Najua kilikuwa kitu kizuri. Mimi nilitaka turudi, basi. Nilisimama pale ndani ya koti la kuazima nikamchukia yule mnyama ambaye hajanikosea lolote.

Tulikaa mpaka aliposhiba.

Jumamosi, 12 Julai

Leo ndiyo siku ya kushuka. Sijashuka.

Barafu imefunga nyuma yetu tulipokuwa tukimtazama dubu na baadaye tulipolala. Mapande makubwa, mengine kama uwanja wa mpira, yamesogea yakashikana. Meli ilisukuma, ikarudi, ikasukuma. Vyombo vikalia jikoni. Halafu injini ikapunguzwa, na kimya kikaja. Nahodha amesema si hatari. Ni kungoja barafu iachie yenyewe. Labda kesho. Labda kesho kutwa. Hajui.

Abiria wanapiga picha. Kwao hii nayo ni sehemu ya safari.

Nimetuma simu nyumbani: NIMECHELEWA. NINAKUJA. Nimefua. Nimechoka uchovu usiotibika kwa usingizi.

Jumapili, 13 Julai

Simu ya Katana, mdogo wangu.

TWAKUNGOJA. MAHINDI YAMEKAUKA. NGEDERE WAMEINGIA. USIWE NA WASIWASI.

Namjua Katana. Hakusema tuzike. Hawezi kusema. Mimi nimeshatamka ningojeni, na neno la mfiwa halipingwi na ndugu wala mtoto. Lakini katika maneno machache namna ile akapata nafasi ya kutaja mahindi na ngedere. Nami naona yote kama niko pale. Mapanga yameegemezwa ukutani. Watu wamekaa kwenye mikeka, mashavu mikononi, wanatazama shamba likiliwa mchana kweupe. Jirani naye la kwake linaliwa, na hana usemi, kwa sababu ya heshima.

Mama Kadzo asingekubali. Yeye msimu wa mahindi alikuwa akishinda shambani na debe bovu na fimbo, anapiga, anawatukana ngedere kwa majina ya mawifi zake. Mawifi wenyewe walikuwa wanasikia. Dada yangu mkubwa, Sidi, aliwahi kuja kuuliza ni ngedere yupi aliyepewa jina lake.

Nimemwuliza nahodha tena kupitia kwa meneja. Hajui. Wote ni wema. Mpishi mkuu ananiwekea supu kando. Yule bibi wa abiria kanipa soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Kila ninayekutana naye ananiambia utafika, watakungoja, usijali. Nami naitika kwa kichwa. Supu siinywi.

Jumatatu, 14 Julai

Charo amevunja amri. Alikuja na kapu la vitambaa vya meza, akafunga mlango wa chumba cha kufulia, akaligeuza kapu akalikalia.

Leo hakumwiga mtu. Alinitazama tu.

"Mzee, hongera."

"Ya nini?"

"Umemkatia mkeo tikiti. Naye sasa ni abiria. Wa huku wanangoja dubu, wa kule anangoja dobi."

Nikamwambia atoke.

"Sitoki. Mimi ni mtani, nikitoka mimi utabaki na wanaokubembeleza. Katana anakuogopa. Kadzo ni mtoto wako. Hawa wa meli wanakuona kama yai. Nani atakwambia? Ulinisimulia mwenyewe kwamba yule mwanamke hakuwahi kukaa kitako toka umwoe. Leo umemlaza kwenye baridi kali kuliko hii, boma zima limekunja mikono, ngedere wanamlia mahindi yake. Kwa nini? Kwa sababu ya mkono wako. Udongo haujui mkono wa nani."

Nilimrushia kilichokuwa karibu. Kilikuwa taulo. Taulo halimwumizi mtu. Akaliokota, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya mengine, akatoka.

Nina hasira naye. Hana mke. Hajazika mtu.

Baadaye, siku hiyo hiyo. Nilipanda sitahani. Barafu mpaka macho yanapokoma. Hakuna kilichosogea. Nilisimama mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Nimeliona jambo lenyewe. Si desturi, wala si udongo wa kwanza. Nilitaka nimwone uso. Nilimwacha akiwa amegeukia meko, akaniaga bila kugeuka kwa sababu mafuta yalikuwa yanachemka, nami nikasema nitamwona nikirudi. Nilitaka uso wake mara moja. Basi nimelifanya boma zima lingoje macho yangu.

Nilikwenda kwa bwana wa simu. Nilimwandikia mwenyewe kwa herufi kubwa asikosee.

ZIKENI KESHO. KATANA ASIMAME MAHALI PANGU. VUNENI.

Alinitazama. Hajui Kiswahili lakini alinitazama.

Jumanne, 15 Julai

Nimeomba nisifanye kazi mchana. Meneja akakubali haraka, akasema nilale. Sikulala. Nilikwenda chumba cha kufulia kwa sababu kuna joto, na sina pengine pa kwenda.

Nilijaribu kufuata kwa mawazo. Sasa wamefika hospitali. Sasa gari limeingia njia ya Tezo, kina mama wamelisikia. Sasa watani wako kwenye shimo. Sikuweza kuendelea hapo.

Mlango ukafunguliwa. Charo. Hakusalimia. Akachukua shuka kwenye rundo langu, safi, lililokwisha kupigwa pasi, akalitandika sakafuni mbele ya mashine, akajilaza juu yake chali, mikono kifuani, macho kafumba.

Nilielewa. Kwetu watani ndio wachimba kaburi, na wakimaliza mmoja hujilaza ndani akakataa kutoka. Maiti iko pale inangoja, watu wanabembeleza, yeye anakoroma. Hatoki mpaka alipwe kuku.

"Toka, Charo."

"Nani ananiita? Nimelichimba mwenyewe, ni langu. Zuri. Pana. Halina bili ya stima."

"Kuku sina."

"Basi rudi na maiti wako."

"Charo, hakuna kuku kwenye meli hii ila wa kwenye friji."

Akafumbua jicho moja. "Huyo siyo kuku, huyo ni dhambi. Lete yai."

Nilikwenda jikoni. Mpishi mkuu alinipa yai la kuchemsha bila kuuliza, akidhani hatimaye nimepata njaa. Nikarudi nalo. Charo alilipokea akiwa bado amelala, akaligeuza kwenye mwanga, akaligonga kwenye paji la uso wake.

"Yai la meli hili. Halijawahi hata kuambiwa habari za jogoo."

Hapo nilicheka. Kicheko kilitoka kibaya, kama kikohozi, na kikageuka kuwa kingine. Nilikaa juu ya rundo la mashuka nikalia kama nilivyotakiwa kulia Jumanne iliyopita. Charo alikula yai lote. Akainuka, akajipangusa mikono kama mtu aliyetoka kwenye udongo, akakaa kando yangu. Sauti yake ikawa ya kawaida.

"Basi. Mama Kadzo amepata nyumba."

Mashine ilipomaliza tuliyatoa mashuka tukayakunja pamoja, yeye upande ule na mimi upande huu, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana. Meneja alifungua mlango akatukuta hivyo. Alimtazama Charo, akanitazama mimi uso umevimba, akatazama maganda ya yai sakafuni. Akafunga mlango taratibu.

Jioni simu ikaja. TUMEZIKA SALAMA. KATANA.

Nimelala kitandani.

Alhamisi, 17 Julai

Barafu imeachia. Hakuna aliyeisukuma. Asubuhi kulikuwa na mfereji wa maji meusi mbele yetu na meli ikaufuata.

Charo amerudishwa chumbani. Meneja hakueleza kwa nini. Tayari analalamika kwamba nakoroma kama mashine inayovuja.

Abiria wameona wanyama wanene wenye pembe mbili mdomoni, wamelala wamerundikana juu ya kisiwa cha changarawe kama magunia bandarini. Mmoja akitaka kugeuka, wote wanagombana, kisha wanalala tena. Nami nilitazama. Kwa kweli wanapendeza.

Nilikula mara mbili.

Jumamosi, 19 Julai

Mji mdogo. Nyumba za mbao za rangi, milima mitupu. Nashuka.

Charo amebaki, mkataba wake ni mpaka mwisho wa msimu. Alinibebea begi mpaka chini ya ngazi. Akaniambia nikifika nimwambie Katana kwamba yai halikuwa malipo yote, lilikuwa arubuni, na kuku wake asichinjiwe mgeni mwingine. Nikamwambia atapewa mgonjwa, mwenye kideri. Meneja alikuwa amesimama pale, safari hii hakumzuia.

Begi lilipoingia garini Charo akavua kofia, akaninyooshea mikono yote miwili.

"Shikamoo, mzee."

Hajaniamkia hata siku moja tangu nimjue. Nilisahau kuitika mpaka gari lilipoanza kuondoka. Nikasema marahaba nikiwa nyuma ya kioo. Nadhani aliona mdomo.

Jumatano, 23 Julai. Tezo

Nimefika jana. Sikuandika.

Uani pamefagiwa. Mikeka imekunjwa, wageni wamekwenda makwao. Mchana boma halina mtu. Wote wako shambani. Ngedere walikula upande wa bondeni, wa juu umesalimika, unavunwa.

Kadzo amenieleza. Mama yake alikuwa akipepeta kunde. Akasema kichwa kinamgonga, akaingia ndani kujilaza, akasema mbuzi wafungwe mapema. Hakuamka. Jirani aliwapeleka hospitali kwa gari lake, lakini ilikuwa imekwisha njiani. Hayo tu. Nikamwomba anieleze tena. Akanieleza tena, kwa maneno yale yale, mkono wake juu ya goti langu.

Kaburi liko chini ya boma, kando ya minazi michanga. Udongo bado umevimba. Nilikaa hapo mpaka jua likawa kali. Sikutupa udongo. Ulikwisha kutupwa.

Wanasema watani walimchelewesha sana. Wanasema mmoja alijilaza ndani akataka achukue na jogoo na kofia ya mwenye mji, yaani yangu mimi, na watu walicheka mpaka mwalimu wa kanisa akageuka kando.

Katana hajaniambia lolote. Ameniuliza habari za baridi. Kadzo ndiye aliyesema kwamba siku ile, ili ijulikane anasimama mahali pa nani, wazee walimvika shati langu jeupe la Jumapili. Kwa desturi sasa ni lake.

Jioni hii nilikuwa mlangoni napukuchua mahindi. Katana alitoka shambani, gunia begani, akapita nyuma ya zizi bila kuniona. Amelivaa. Tuna mgongo mmoja mimi na yeye, hata marehemu mama yetu alikuwa akituita kwa kukosea. Kwa muda nilimwona mtu yule kama walivyomwona wao siku ile, waliosimama nyuma yake. Amesimama pale. Ameinama. Amemaliza.

Mikono ya shati ina udongo mpaka kwenye viwiko. Wa kaburi au wa shamba, siwezi kujua. Halijafuliwa.

Sikumwambia alilete.